Doti Isiyokatwa

Bi Kazija aliugeuza mwaliko nyuma akitafuta muhuri wa chuo kikuu. Ulikuwepo. Wiki ijayo kungekuwa na mashairi, mhadhara wa historia na maonyesho ya kanga za zamani.

"Tunaomba utuazime doti yako, mama," alisema Nasra, mhadhiri aliyeuleta. "Ile ambayo haijakatwa."

Bi Kazija akamtazama. Doti ile ilikuwa ndani ya sanduku, chini kabisa, tangu ujana wake, vipande viwili bado vimeungana kama vilivyotoka dukani. Hakuwahi kumwonyesha mgeni yeyote.

"Nani kakwambia ninayo?"

"Watu wanasema tu, mama."

"Watu gani hao? Haya, imeandikwa nini?"

Nasra akainamisha macho. "Tugawane, tusigombane."

Maneno hayo aliyajua mtu mmoja tu mwingine: Salama, dada yake, aliyeinunua pamoja naye ili kila mmoja achukue kipande. Waligombana kabla ya kuikata, na hawakusemezana tena.

"Yuko wapi aliyekutuma?"

"Kwenye gari, hapo nje. Anaogopa kubisha hodi."

Bi Kazija akafungua sanduku. Akaitandaza kanga kitandani, akaikunjua mpaka ukingo, kisha akachukua mkasi.

"Mama, ikikatwa hatutaweza kuionyesha."

"Mwambie aingie," alisema Bi Kazija, mkasi ukiwa wazi mkononi. "Aje ashike upande wa pili."