Kivuko cha Mamba Chasifiwa Gazetini

Wengi huisimulia hii wakaiharibu; ichukueni kwangu ikiwa nzima. Kakakuona alihariri gazeti la mwituni lililopima usalama wa vivuko vya mto, naye Digidigi alilitafutia matangazo. Sheria yao ilikuwa moja: muuza matangazo hagusi maandishi.

Siku moja Mamba akamwita Digidigi. "Bwana mdogo, nanunua ukurasa wa nyuma mwaka mzima. Ila kivuko changu kisifiwe."

Kakakuona alikuwa ameshaandika: "Msipite kwa Mamba." Digidigi akanyemelea, akafuta, akaweka: "Salama hata kwa watoto." Jina la Kakakuona akaliacha palepale chini.

Gazeti lilipotoka, Digidigi alirudi nyumbani akakuta kutupu. Akatimua mbio hadi mtoni, kwenye kivuko cha Mamba. Mkewe alikuwa ukingoni na watoto wawili, gazeti mkononi.

"Mama Watoto, rudi! Yale nimeandika mimi!"

Mkewe akacheka. "Wewe? Wewe si matangazo tu, baba? Acha kujipa sifa. Haya kaandika Kakakuona, na Kakakuona hajatudanganya hata siku moja."

Akamtanguliza mtoto mdogo majini.