Ngozi ya Ndama

Mkaidi aligoma kutoa maziwa mpaka aletewe mwanawe, na mwanawe alikuwa amekufa tangu mvua za kwanza.

Basi mama akaenda pembeni ya zizi, akachukua ngozi ya ndama iliyojazwa nyasi kavu, akaipaka chumvi na kuisimamisha mbele ya ng'ombe. Mkaidi akainusa, akaanza kuilamba taratibu kuanzia shingoni. Maziwa yakashuka.

Bwana mifugo alikuwa ameshavua kofia na kuitundika kwenye nguzo ya lango, anampima ng'ombe kwa utepe. Kimo kifupi, nundu isiyozidi ngumi, mstari mweusi toka shingoni hadi mkiani, kwato ngumu ajabu. Kupe hata mmoja hakumwona.

"Ndiye hasa," alisema, akikohoa vumbi la nyasi. "Mbegu hii ilitoka nchi kavu, mama, ikatembea kwa miguu pamoja na wazee wetu. Siku hizi kila mtu kachanganya na wale wakubwa wa maziwa mengi. Nimezunguka wilaya nzima, nimebakiwa na huyu wako."

"Hao wakubwa wanakamuliwa hata na mashine. Huyu bila mtoto hakupi kitu." Mama alisema kwa majivuno, utadhani ukaidi huo ni wake yeye.

"Lakini anadanganyika upesi. Ngozi tu!"

"Nani kakwambia anadanganyika?" Mama hakuinua macho kutoka kwenye ndoo. "Alinitazama nikimchuna huyo ndama. Anajua sana. Anataka tu kuwa na wa kumlamba."

Bwana mifugo akakunja utepe wake, kisha akatoa lililomleta. Kituo cha mifugo kinamtaka Mkaidi, azalishwe na fahali wa mbegu yake kabla haijapotea kabisa. Wakubwa wake wamemwambia asirudi mikono mitupu. Lori litakuja kesho.

Mkono wa mama ukasimama kwenye chuchu. Mumewe alikwishafariki, mtoto alijaliwa mmoja tu, naye yuko mbali. Nyumba hii ilibaki na sauti mbili, yake na ya Mkaidi. Upweke ulimkaba hasa asubuhi, hata akawa anamsalimu ng'ombe na kungoja aitikiwe.

"Ng'ombe huyu ni wa mwanangu," alisema mwishowe. "Nitamwuliza akipiga simu. Akisema mchukueni, mchukueni."

Bwana mifugo aliwahi kupanga chumba kimoja na huyo mwana huko mjini. Ndiye aliyeleta sanduku lake mwaka juzi, nguo zote ndani, hata viatu, akasema mwenzake kapata kazi ng'ambo ghafla. Siku ile alikaa barazani akiizungusha kofia mikononi mpaka chai ikapoa. Tangu hapo hakosi kupita, mara dawa ya minyoo, mara chanjo.

"Haya, muulize, mama," alisema, akaaga harakaharaka na kushika njia.

Jua lilipokuwa linazama, simu ikaita. Laini ilikuwa mbovu kama kawaida, na sauti inakwaruza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unakohoa?"

"Baridi ya huku tu. Mkaidi hajambo?"

"Hajambo. Ila wanataka kumchukua, lori linakuja kesho. Wewe unasemaje?"

Upande wa pili kikohozi kikasikika tena. Mama akatembea na simu sikioni hadi langoni, akaegemea nguzo. Jibu hili alikuwa ameliogopa tangu mchana.

"Asiende, mama. Abaki na wewe. Wakitaka kumzalisha, wamlete fahali hapo hapo nyumbani. Bwana mifugo niachie mimi."

"Wakubwa wake watamgombeza, maskini."

"Atajua mwenyewe la kuwaambia."

Mama akashusha pumzi, machozi yakamtoka. Zizini, Mkaidi alikuwa bado anailamba ile ngozi.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Sasa rudi uchukue kofia yako hapa langoni, isije ikaloa umande."