Safi Mno

Roza aliikuza picha mpaka marumaru moja ikajaa kioo kizima cha kompyuta, na hakuona hata chembe ya vumbi.

"Mwizi," alisema kwa sauti. "Mwizi mkubwa wewe!"

Wanafunzi wenzake pale chuoni Nyakato waligeuka kumtazama. Hakuwajali.

Picha ilikuwa ya kaburi la baba yake. Mdogo wake Gidion, aliyebaki kijijini Majita, ndiye aliyekabidhiwa michango ya ndugu wote ili alijengee. Mwaka mzima alikuja na visingizio, mara mvua, mara fundi anaumwa. Leo asubuhi ndiyo ametuma picha kwenye kundi la familia: marumaru nyeupe mpaka kwenye kibaraza, msalaba mweusi, jina la mzee limenyooka. Ndugu wa Dar na wa Arusha wakamwaga asante. Roza peke yake alinyamaza.

Yeye si mtu wa kudanganywa na picha. Miezi minane sasa alikuwa akijifunza kuzitengeneza: nyumba, viti, masufuria, vitu visivyokuwepo duniani ambavyo mtu angeapa vimepigwa picha kwa simu. Mwalimu wake, Revocatus, alikuwa na wimbo mmoja tu. "Safi mno, dada Roza! Chafua. Vunja kona, dondosha jani, weka kinyesi cha ndege. Picha ikiwa safi mno, mtu anajua ni ya kompyuta."

Sasa hapa vumbi liko wapi? Majita ile ile ya udongo mwekundu, mbuzi wa kijiji kizima wanakatiza uani, halafu kaburi ling'ae namna hii? Kona zote zilikuwa kali kama wembe. Na ule mkuyu mkubwa uliokuwa unaliinamia, kivuli chake kimekwenda wapi? Hata jani moja halikudondoka?

Kisha akakumbuka Krismasi. Si ni yeye mwenyewe aliyemwonyesha? Gidion alikitazama kiti alichokichora dada yake, akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe hata kaburi la baba unaweza kulijenga humu, dada, tukapumzika!" Watu wote walicheka. Roza naye alicheka, mjinga yeye.

Alimpigia Gidion, simu haikupatikana. Akampigia mkewe.

"Shikamoo, wifi," alisema Janet.

"Marahaba. Mumeo yuko ziwani?"

"Hapana, wifi. Siku hizi haendi ziwani. Mtumbwi wenyewe ameuuza, maana michango..."

"Usinitajie mtumbwi! Atakwendaje ziwani wakati anakula michango yetu?"

"Njoo uone mwenyewe, wifi," alisema Janet, akakata simu.

Njoo uone! Roza aliwajua watu wa maneno hayo. Wanayasema wakijua huendi.

Revocatus aliinama juu ya bega lake, akaitazama picha kwa muda. "Lakini inaweza kuwa ya kweli, dada Roza."

"Si wewe uliyenifundisha?"

Revocatus akarudi kwa wanafunzi wengine.

Roza alichora miduara mitatu myekundu: mmoja kwenye kona, mmoja kwenye marumaru, mmoja pale ambapo kivuli cha mkuyu kilitakiwa kuwa. Akaituma picha kwenye kundi na maneno yake chini: "Hili kaburi halipo. Limetengenezwa kwa kompyuta. Gidion amekula michango, na baba yetu bado amelala kwenye udongo."

Kundi liliwaka moto. Baba mdogo Zadok, kutoka Dar, aliandika kwamba mtu anayemwibia marehemu asisalimiwe na yeyote wa ukoo huo. Mwingine alitaka polisi. Mwingine alifukua habari za kuku aliyepotea Gidion akiwa darasa la nne. Gidion hakujibu hata neno moja. Jioni kikatokea kimstari kidogo kikisema ametoka kwenye kundi.

"Ameona aibu," Roza alisema.

Jumamosi alipanda basi la alfajiri, kompyuta mapajani, akiyapanga maneno yake njia nzima. Angeifungua mbele ya majirani wote. Angewaonyesha mduara kwa mduara. Kutoka kituoni alitembea kwa hasira, udongo mwekundu ukimpanda mpaka kwenye vifundo vya miguu. Alipita ufukweni pale Gidion alipokuwa akiulaza mtumbwi wake. Magogo mawili ya kuulazia yalikuwa matupu, kuku na vifaranga wake wamejikalia katikati. Hakusimama.

Aliingia uani bila hodi.

Mkuyu haukuwepo. Palikuwa na kisiki, na upande mmoja mizizi imefukuliwa na kukatwa. Mbele ya kisiki jua lilipiga juu ya kitu cheupe kiasi kwamba alikinga macho kwa mkono. Msalaba mweusi. Jina la mzee limenyooka. Kona kali kama wembe.

Gidion alikuwa amepiga magoti juu ya kibaraza na ndoo ya maji, anapangusa marumaru moja baada ya nyingine. Pale alipokwisha kupita palikuwa pakavu na peupe.

Roza alitaka kuligusa kaburi. Aliinua mguu akanyage kibaraza.

Gidion aliutazama mkoba wa kompyuta, kisha akaitazama miguu ya dada yake.

"Vua viatu, dada," alisema. "Una vumbi."