Isale Mlangoni

Kaka yake Aminieli alikuwa amesimama mlangoni, mkononi ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Miaka minne hakuwa amekanyaga hapa, tangu wagombanie mpaka wa kihamba, shamba la ukoo alilowaachia baba yao.

"Shikamoo, kaka," Aminieli alisema.

"Marahaba. Nimeliona kitasani pako tangu asubuhi, mdogo wangu. Nikajiambia, ameniomba msamaha kama wazee walivyotufundisha. Isale nani anakataa?"

Aminieli alikuwa ameapa kwamba hatakuwa wa kwanza kuomba radhi. Jani lile alilifunga jana kwenye kitasa kwa sababu ya Kihispania. Alitaka kuongoza wageni wa lugha hiyo mlimani, na mwalimu wake kule mjini alisema kwamba katika lugha hiyo meza, kiti, dirisha na mlango ni vya kike. Kiwe kimoja, viwe vingi, maneno ya kuvisifu lazima yafuate ukike huo. Ili asisahau, akavifunga vitambaa vyekundu. Kufika mlangoni vitambaa vikaisha, akachuma isale pale mpakani bila kuwaza.

Kaka yake akachungulia ndani. "Na vitambaa hivi vyote?"

Jibu la kweli lilikuwa limeshafika ulimini. Aminieli akatazama kidole gumba cha kaka yake, kimejaa udongo wa shambani, kikilipapasa lile fundo taratibu, kama kinaogopa litafunguka.

"Nimepamba, kaka," akasema, akimvutia kile kiti cha kike. "Nilikuwa nakungoja."