Machela ya Mtu Mmoja

Mbebaji mwenzake alipopigwa risasi, Lugendo alibaki peke yake na machela, na juu yake askari aliyejeruhiwa tumboni.

"Niache, ndugu yangu," askari alisema.

"Sikuachi. Wewe nipigie soga tu."

Lugendo akashika mipini ya mbele, akaanza kuiburuta machela kuelekea mjini. Askari akamsimulia habari za mkewe, jinsi anavyokoroma usiku kucha na asubuhi akakana katakata. Lugendo akacheka, kwa mara ya kwanza tangu vita vianze. Kisha sauti ikakatika.

"Enhe? Halafu?"



Mapaa ya mji yalikuwa yameanza kuonekana. Lugendo hakugeuka nyuma. Yeye, ambaye hakuwahi kuoa, akaendelea kuvuta, akimsimulia askari habari za mke wake mwenyewe.