Kinu Mlangoni

Kinu kilikuwa katikati ya mlango. Si uani, si jikoni. Katikati ya mlango kabisa, na Immaculata amesimama nyuma yake, anatwanga kisamvu kama anagombana nacho. Nani anatwangia kisamvu mlangoni? Hata kuku walikuwa wanashangaa.

"Mama, nimekuomba nipite," alisema afisa.

"Zunguka."

"Nyumba yako ina mlango mmoja."

"Basi subiri kisamvu kilainike."

Afisa alikuwa kijana nadhifu, suruali imenyooshwa, pikipiki yake ameiacha mbali, kule kwenye mihogo. Alikuwa ametoka Mpanda, kwenye kitengo kinachofuatilia simu za wahalifu, na aliyemfuata hapa kijijini Kabungu ni mgeni wa Immaculata. Mgeni mwenyewe alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya magunia ya mahindi, hata kukohoa hakohoi. Immaculata alijua wazi: akisogeza kinu tu, mgeni huyo atapakiwa kwenye pikipiki ile, na asionekane tena.

"Simu yake ilishika mnara wenu juzi jioni," afisa alisema. "Halafu ikazimwa. Usinifiche."

"Nimekuficha nini? Nimekwambia ninaye mgeni. Nimekwambia pia kwamba humchukui."

"Unajua unamlinda nani? Kuna watu wanavuka ziwa na bunduki. Wanateka mabasi. Serikali isipojua nani anaongea na nani, na nani analala wapi, nyie mtachinjwa humu ndani kama kuku."

Mchi ukasimama. Maneno hayo yalimwingia. Kaka yake, Egide, alipigwa risasi na majambazi kwenye barabara ya Kasekese, akirudi na baiskeli kutoka kuuza karanga.

"Waliomuua kaka yangu waliondoka na simu yake," alisema taratibu. "Ukiipiga, inaita. Nilikwenda mjini, nikalia mbele ya wakubwa, nikasema namba hii hapa, ifuatilieni. Nikaambiwa mitambo haifiki huku. Leo imefika?"

Afisa alijifuta jasho. "Huyu ni tofauti. Tunamjua vizuri. Mkono wa kushoto umevunjika, na hospitali hakwenda. Hawezi kulala taa ikizimwa. Pilipili hali."

"Ee Mungu wangu! Mpaka pilipili?" Immaculata alicheka, kicheko kikavu. "Na kukoroma je? Anakoroma, hakoromi?"

"Kazi yetu ni kujua."

"Na wewe nani anakujua? Ukishafunga mlango wa kwako usiku, nani ana mitambo ya kukusikiliza?"

Afisa alimsogelea, akashusha sauti.

"Immaculata, wazazi wako walikuja kutoka Burundi. Uraia wako ni wa karatasi. Karatasi ile naweza kuifanya iangaliwe upya. Tunaelewana?"

Alimwelewa. Aliogopa kweli. Cheti kile cha uraia alikisubiri nusu ya maisha yake. Akamwona mwanawe akirudishwa nyumbani kutoka shule, akajiona mwenyewe kwenye foleni nyingine, anaulizwa babu yake alizaliwa wapi. Halafu hasira ikampanda, na hasira ndiyo iliyomnyoosha mgongo.

"Iangalie! Iangalie mpaka uchoke! Nimezaliwa hapa hapa, kitovu changu kimezikwa hapa hapa. Ukitaka kuingia humu, lete barua ya kupekua, na umlete balozi wetu wa nyumba kumi asimame aone unachochukua. Wenzako wote wakija ndivyo wanavyofanya. Mbona wewe unamkwepa balozi? Mbona umekuja peke yako?"

"Hii ni siri ya taifa."

"Basi taifa lije lenyewe!" Akapaza sauti mpaka majirani wakaacha majembe. "Jamani! Njooni! Kuna mtu hapa anataka kumbeba mgeni wangu kwa siri!"

Wakaja. Mbele yao alikuwa Melkiadi, balozi wa nyumba kumi, tope mpaka magotini. Kwa watu hawa mgeni hamalizi siku bila kupelekwa kwa balozi, na balozi naye akishamwona, mgeni huyo ni wake.

Melkiadi aliomba kitambulisho. Kilikuwa cha kweli, picha ni yake, mhuri ni wa serikali. Aliomba barua. Haikuwepo.

"Mgeni huyu aliletwa kwangu jioni ile ile aliyofika," balozi alisema. "Nimemwona, tumeongea. Kama ni mhalifu, taja jina lake na kosa lake hapa mbele ya watu. Tutamtoa wenyewe, na Mpanda tutakusindikiza."

Afisa aliwatazama akina mama na vijana walioshika majembe.

"Taja tu, mdogo wangu," Melkiadi alimbembeleza. "Jina moja."

Hakutaja. Aligeuka akaondoka akikanyaga mihogo ya watu, zomeazomea ya wanawake nyuma yake, mpaka pikipiki ikawaka na kutokomea.

Immaculata aliburuza kinu pembeni. Akaingia chumba cha ndani, akasukuma gunia.

"Vaa viatu, Scola," alisema. "Twende Mpanda sasa hivi, tukaonane na wakubwa wa kazi wa huyo mumeo, wauone mkono aliokuvunja."