Mtu wa Kukaa na Argyris

Kila Zafiro alipoinuka kwenda kumwaga beseni, Mzee Argyris alimkodolea macho, na vidole vya mkono wake ambao haukupooza vikaikunja shuka. Kusema hakuweza. Tangu aokotwe chini ya ngazi za ghala lake la zeituni, kichwa kimepasuliwa kwa kitu kizito, ulimi ulikuwa umelala tu mdomoni. Polisi walikuja, wakamtazama, wakamwambia nesi: akitamka jina, hata nusu ya jina, tupigie.

"Anamwogopa yule mwanamke," Marigo alimnong'oneza mumewe kwenye kitanda cha pili.

Mumewe, aliyekuwa ametolewa kifuko cha nyongo, alikuwa anakoroma, kwa hiyo hakubisha. Hata akiwa macho hakuwa na desturi hiyo.

Nesi alikuwa mmoja kwa ghorofa nzima. Kuogesha, kulisha, kubadili shuka na kukimbia na chupa ya mkojo, hiyo ilikuwa kazi ya mke, ya dada, au ya mkwe aliyeshindwa kutoroka. Ukikaa kando ya kitanda umeshika kijiko, hakuna anayekuuliza wewe nani. Watakuletea kiti tu.

Lakini Marigo alikuwa mtu wa kuuliza.

"Wewe ni nani wake, dada?"

"Jirani."

"Jirani! Si wewe ndiye uliyepelekana naye mahakamani kwa ajili ya mti wa tini?"

Zafiro alipuliza supu. "Ndiye mimi."

"Na leo unamlisha."

"Mkewe alikufa kabla sijahamia mtaani. Mwanawe, Fotis, yuko Denmark, hata sijawahi kumtia machoni. Ulitaka alishwe na hakimu?"

Marigo aliichungulia ile supu. Ilikuwa na rangi ya supu. Hakuridhika.

Mchana, saa ambayo mji mzima umejilaza, mwanamume alisimama mlangoni. Koti lake lilikuwa jipya.

"Mzee Argyris yuko humu?"

Marigo aliruka kitini. "Usiniambie! Wewe ndiye Fotis wa Denmark!"

Yule mwanamume alimtazama kidogo.

"Ndiye mimi, mama."

Mzee alianza kutetemeka. Machozi yalimshuka mpaka masikioni.

"Ona!" Marigo akapiga makofi. "Machozi ya furaha! Njoo mwanangu, nikushike mkono. Ala! Kiganja kigumu hiki. Kumbe na huko mnalima?"

"Kabustani tu." Alivuta kiti. "Ameshasema chochote?"

"Hata 'a' hajasema."

"Na daktari anasemaje? Atasema?"

"Anasema ulimi unaweza kurudi wakati wowote, hata leo."

Mgeni aliitikia kwa kichwa, akasogeza kiti karibu na mto. Marigo hakuwezana na kimya.

"Hebu tuambie, ni kweli huko serikali inakuogesha?"

"Kweli. Wanakukamua kodi mpaka unalia, lakini ukianguka, watu wanakuja kukuinua. Huwezi kukuta jamaa amekaa hivi na beseni."

"Dada yangu yuko Marekani. Anasema hakuna nchi tajiri inayomwaga pesa kwenye matibabu kama wao, na bado aliuza nyumba mumewe apasuliwe moyo."

"Wale pesa yao inaishia kwa hospitali na bima. Kule Denmark inagawanywa: wazee, watoto, wasio na kazi."

"Na sisi Wagiriki yetu inakwenda wapi?"

"Kwenye pensheni, mama."

"Nayo pensheni inaliwa na wajukuu! Sasa anayetuogesha ni nani?"

"Huyu hapa," akasema mgeni, akimwonyesha Zafiro kwa kidevu.

Marigo alicheka mpaka akajifuta macho. Mtu anazungumza kama gazeti! Kisha akamwinamia, akanong'ona kwa sauti ya kusikika hata ngazini.

"Lakini ujue, mwanangu, huyu si ndugu yenu. Wana kesi. Na baba yako, kila mama huyu akiinuka, anakunja shuka kwa hofu."

Mgeni aligeuka polepole. "Asante kwa msaada, mama. Sasa nenda nyumbani."

"Nitamngoja nesi aje," alisema Zafiro.

"Umngoje wa nini?" Marigo alidakia. "Damu yake imeshafika. Au unaogopa atatamka jina?"

Zafiro aliweka kijiko chini. Uso ulikuwa umemwiva. Alipovaa koti lake, Mzee Argyris alimdaka mkono wa koti na kuushikilia kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua kwamba bado anazo. Ilibidi Marigo amkunjue kidole kimoja kimoja.

"Mwachie, babu, mwachie. Anaondoka. Hatakudhuru tena."

Mlango ulifungwa. Nyayo za Zafiro zilishuka ngazi.

"Na wewe, mama, umechoka," mgeni alisema kwa upole. "Nenda kanywe kahawa. Nitawaangalia wote wawili."

"Mungu akubariki. Angekuwa mwanangu mimi, angeniomba pesa ya kahawa hiyo."

Alipotoka, alimsikia nyuma yake akivuta pazia la kitanda, mzee apate kulala.

Korido ilikuwa tupu. Kwenye meza ya nesi simu ililia, ikalia, na nesi hakuonekana. Kwa kuwa hapo kila kazi ilikuwa ya jamaa, Marigo akainyanyua, akaitika.

"Samahani, mama," ilisema sauti ya mwanamume, na nyuma yake lilisikika tangazo la ndege kwa lugha ngeni. "Naitwa Fotis, mtoto wa Argyris. Ndege yetu imeahirishwa, bado niko Copenhagen, nitafika kesho. Nilitaka kujua tu: baba amepata mtu wa kukaa naye?"